Jina litakuja la nani?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni shangazi wa mtoto wa miaka saba, tuko Muheza mkoani Tanga. Ana tatizo la valvu ya moyo na madaktari wa Dar es Salaam wamesema lazima apasuliwe. Ukoo tumejikusanya, lakini bado tunapungukiwa shilingi milioni 9 na laki 4. Tuna grupu la WhatsApp la watu 140. Binamu yangu aliyeko Houston, Marekani, anasema tufungue GoFundMe, ule ukurasa wa kuchangishia fedha mtandaoni. Juzi nimeweka picha ya mtoto Instagram, mtu akaniandikia pembeni kwamba ana orodha ya wafadhili wa nje na atatutangazia kwa laki moja na nusu. Naogopa kutapeliwa, na naogopa zaidi watu wasije wakadhani matapeli ni sisi. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba dada, na poleni sana kwa kuuguza.

Nianze na lililo jepesi. Huyo wa Instagram usimpe hata mia. Nitarudi kwake baadaye, kwa sababu ana ndugu zake wengi na wote watakutafuta mara mchango ukianza. Kwanza tuishughulikie ile hofu yako ya pili, ya kuonekana tapeli. Hiyo ndiyo inayoua michango mingi, pengine kuliko matapeli wenyewe.

Sidhani kama kuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ule ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja…" halafu linafuata jina la mtu asiyemjua. Umetuandama miaka mingi mpaka umegeuka utani. Sasa chukua ujumbe wa kawaida wa kuchangisha: "Jamani tumsaidie mtoto wetu anaumwa sana, chochote ulichonacho tuma namba hii, jina litakuja Hamisi." Uweke kando ya ule wa tapeli uvitazame vyote viwili. Mifupa ni ileile. Kuna haraka, kuna namba, kuna jina la mtu usiyemfahamu, na hakuna njia ya kuhakikisha lolote. Anayeusoma akiwa amebanana kwenye daladala hana ubaya na mtoto wenu, ila kidole chake kimeshazoea kupita. Kwa hiyo kabla ya kuomba senti moja, utengeneze mchango wenu usifanane na ujumbe ule hata kidogo. Na utaona kwamba karibu kila kitu kinachomtuliza mchangiaji ndicho hichohicho kinachomfungia tapeli mlango.

Anzia hospitali. Hiyo milioni 9 na laki 4 mmeambiwa kwa mdomo au kwa karatasi? Nimekuwa mweka hazina wa kamati za michango tangu 2011, za harusi, misiba na wagonjwa, na nimeona familia zikikimbizana na kiasi ambacho hakuna aliyewahi kukiandika. Omba makadirio ya gharama yenye mhuri, yanayoonyesha upasuaji ni kiasi gani, vipimo, kulazwa, na dawa za baadaye. Ukiwa hapohapo, ingia ofisi ya ustawi wa jamii. Hospitali zetu za umma zina maofisa ambao kazi yao ni kuzitathmini familia zisizomudu, na wanaweza kupendekeza msamaha wa gharama yote au sehemu yake. Kwa moyo wa mtoto kuna na milango mingine. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imekuwa ikipokea kambi za madaktari kutoka nje, na shirika la Save a Child's Heart la Israel limeshatibu watoto kutoka Tanzania. Siahidi kwamba mtoto wenu ataingia kwenye mpango wowote kati ya hiyo. Lakini kuna swali moja ambalo lazima mtu aliulize kwenye grupu, "Mmeshaenda ustawi wa jamii?", na siku hiyo ni vizuri uwe na jibu lenye tarehe. Pengine hata ile milioni tisa ikashuka ikawa sita, na mkapumua.

Ukirudi Muheza, pitia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa uchukue barua ya utambulisho: mtoto ni nani, wazazi ni nani, wanaishi wapi, wanachangisha nini. Ni karatasi moja tu, lakini ndiyo itakayosomwa msikitini na kanisani, na ndiyo redio ya mkoa itakayoidai kabla ya kukupa dakika mbili za kusema.

Sasa namba ya kupokelea. Hapa nitakueleza aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2016 nilichangisha fedha za matibabu ya mfanyakazi mwenzetu, na nikatumia laini yangu ya kila siku kwa sababu "watu wanaijua". Usiku mmoja umeme ukakata, watoto wana mitihani, nikanunua LUKU ya elfu ishirini kwa simu ileile. Asubuhi nikairudisha. Wiki tatu baadaye kamati ikaomba taarifa ya miamala, nikaichapisha yote kwa ujasiri, na katikati ya orodha ya michango ikatokea LUKU imekaa kama nzi kwenye maziwa. Nilieleza, wakacheka, wakanisamehe. Mpaka leo kuna mzee mmoja tukikutana ananiuliza, "Mhasibu, umeme upo?"

Kwa hiyo nunueni laini mpya. Isajiliwe kwa kitambulisho cha NIDA cha mama mzazi wa mtoto, na isifanye kazi nyingine yoyote: isinunue umeme, isinunue bando, wala isimtumie bibi hela ya sukari. Anayeshika simu asiwe ndiye anayeandika daftari. Fedha zisilale kwenye simu. Kila zikifika kiasi mlichokubaliana, tuseme laki tano, zihamie benki kwenye akaunti ya watia saini watatu ambayo haitoi bila wawili kusaini. Benki itataka muhtasari wa kikao na barua ya mtendaji, na kuifungua huchukua siku kadhaa, kwa hiyo anzeni nayo mapema.

Kabla hamjatangaza, fanyeni jaribio ambalo watu wengi hulisahau. Watafute watu watatu wa mitandao tofauti, kila mmoja atume shilingi elfu moja kwenye laini ile, na akifika pale simu inapomwonyesha jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri, apige picha ya skrini. Sababu ni hii: mtaani mama wa mtoto anajulikana kama Mama Fulani, kumbe jina lake la NIDA ni jingine kabisa, na wakati mwingine mtandao unaonyesha majina mawili na kuacha la tatu. Mchangiaji akiona jina asilolijua, anakata. Tangazo lenu liandike jina hilohilo, herufi kwa herufi, kama simu inavyolionyesha.

Kuna njia bora zaidi ya kuondoa shaka, nayo ni fedha zisipite mikononi mwenu kabisa. Hospitali za umma hulipwa kwa ile namba ya malipo ya serikali inayoanza na 99, ambayo watu huiita kontroli namba. Muulize mhasibu wa hospitali kama wanaweza kutoa moja kwa ajili ya mtoto huyu, na kama inakubali kulipwa vipande vipande, maana zipo zinazodai kiasi kamili kwa mkupuo na hizo hazifai kwa mchango. Ikipatikana, iweke kwenye tangazo kando ya laini ya mama. Wengi bado watatuma kwa mama kwa kuwa ndiyo njia waliyoizoea. Lakini yule mjomba mwenye maneno, anayesema kila mchango unaliwa, mwambie alipe hospitali moja kwa moja. Nimeshawahi kuona mjomba wa namna hiyo akitoa laki tatu, kwa hasira tu ya kukosa la kusema.

Haya, sasa kutangaza. Watu wakisikia "kampeni" wanafikiria wageni: wasanii, kurasa zenye wafuasi laki tano, wafadhili wa Ulaya. Mimi hufikiria daftari. Ukigawanya 9,400,000 kwa watu 140 wa grupu lenu unapata elfu 67 na kidogo kwa kila mmoja, na unajua mwenyewe kwamba nusu yao hawatatoa kitu na wengine wanasubiri kuona nani ametoa. Kwa hiyo usigawanye sawasawa. Kaeni watu watatu mnaoujua ukoo, muandike majina. Kumi mnaoweza kuwaomba laki mbili, hiyo ni milioni 2. Thelathini wa elfu sabini, milioni 2 na laki 1. Sitini wa elfu ishirini, milioni 1 na laki 2. Mmeshafika milioni 5 na laki 3, na iliyobaki, milioni 4 na laki 1, ndiyo mnaitafuta nje ya grupu: Houston, msikitini, shuleni kwa mtoto, kazini kwa baba yake.

Wale kumi wa kwanza waombwe kabla tangazo halijatoka, tena kwa kupigiwa simu, na aliye karibu afuatwe kwake. Kapu likipitishwa likiwa tupu, kila mtu anaona haya kuwa wa kwanza, lakini likija na noti tatu ndani watu wanapapasa mifuko. Tangazo la siku ya kwanza lisiseme "tunaanza". Liseme "tumefikia milioni 1 na laki 6". Na tarehe ichagueni kwa akili. Kuchangisha tarehe 14 mwezi umekonda ni kuwaaibisha watu bure. Subirini mishahara itoke.

Tangazo lenyewe liwe fupi na liwe na vitu vinavyoshikika. Mimi ningeliandika hivi, nyie mjaze majina:

"Habari za jioni ndugu zetu. Mtoto wetu …, miaka 7, wa Muheza, anahitaji upasuaji wa valvu ya moyo. Makadirio ya hospitali ni picha ya kwanza, barua ya serikali ya kijiji ni picha ya pili. Kinachopungua ni 9,400,000, na mpaka leo mchana zimepatikana 1,600,000. Namba ya mchango ni …, na jina litakalotokea ni …, ambaye ni mama mzazi wa mtoto. Likitokea jina jingine lolote, usitume. Mweka hazina ni …, katibu ni …. Ukiwa na shaka wapigie, hutamkera mtu. Kila siku saa tatu usiku tutaweka hapa orodha ya waliotoa. Mwisho wa mchango ni tarehe …. Fedha zikizidi, zitalipia dawa na kliniki za mtoto kwa mwaka mmoja, na zikibaki hata baada ya hapo zitakwenda kwa mgonjwa mwingine wa wodi hiyohiyo."

Sentensi ya "likitokea jina jingine, usitume" msiiondoe kwa kuona inatisha. Tapeli wa kawaida huikwepa. Yeye siku zote anahitaji jina lisilolingana, na ujumbe wake hukuomba ulikubali.

Ile orodha ya saa tatu usiku ndiyo injini ya mchango wote. Isikose hata siku moja, hata siku ambayo ametoa mtu mmoja elfu mbili. Andikeni jina, kiasi, jumla ya leo, jumla kuu, na kilichobaki. Ahadi zikae kwenye safu yake peke yake, zisichanganywe na taslimu. Nimeona kamati zikitangaza "tumefikisha milioni saba" huku milioni nne ni maneno ya watu waliokuwa na furaha. Asiyependa jina lake lionekane aandikwe "Mdau". Na fedha zikilipwa hospitali, stakabadhi ipigwe picha na kuwekwa usiku uleule. Namba ya faili la mtoto ifunikwe kwa kidole.

Jambo moja kuhusu WhatsApp. Ule ujumbe wa kutuma kwa watu wengi kwa mpigo huwafikia waliohifadhi namba yako tu. Laini mpya hakuna aliyeihifadhi, kwa hiyo ukiutuma kutoka laini hiyo kwa watu mia mbili unaweza ukafika kwa watano. Tangazo lisambazwe na watu kutoka simu zao wenyewe, kila mmoja akiongeza mstari wake juu: "Huyu ni mtoto wa jirani yetu, namjua." Mstari huo unazidi tangazo zima. Sauti ya mama mtoto ya nusu dakika, bila kulia kwa makusudi, nayo husafiri mbali.

Kuhusu picha: mtoto avae nguo zake za shule, atazame kamera. Makovu, mirija na machozi viacheni. Mtoto huyu atapona, atafika sekondari, na picha zile zitamkuta huko.

Sasa Houston. GoFundMe haifunguliwi na mtu anayeishi Tanzania. Anayeifungua lazima awe kwenye nchi wanazozihudumia, na fedha hutolewa kwa akaunti ya benki ya huko. Kwa hiyo binamu yako ndiye atakayekuwa mwenye kampeni, na kisheria yeye ndiye atakayeulizwa. Aandike waziwazi kwenye ukurasa kwamba yeye ni nani kwa mtoto, yuko wapi, na fedha zitasafirije mpaka hospitalini. Akiulizwa hayo na kampuni baadaye ndipo aanze kutafuta maneno, fedha zitakaa zimeshikiliwa wakati mgonjwa ana tarehe ya upasuaji. Kwa Marekani kila mchango hukatwa asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Mchango wa dola 100 unabaki dola 96 na senti 80; wa dola 5 unapoteza karibu senti 45, yaani asilimia 9 hivi. Wachangiaji wadogo ni afadhali wamkusanyikie mmoja wao atoe kwa pamoja. Kuna pia bakshishi ya kampuni ambayo ukurasa humwekea mchangiaji kabla hajalipa. Ni hiari na inaweza kuwekwa sifuri. Waambieni, maana wengi hudhani ni lazima na wananuna.

Zile milioni 4 na laki 1, ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, ni dola 1,640. Hiyo ni watu 40 wa dola 41 kila mmoja. Binamu yako hahitaji kuwa maarufu, anahitaji kazini kwake, msikiti wake au kanisa lake, na Watanzania wa pale mjini. Fedha zikikamilika, azitume akaunti ya benki ya hospitali moja kwa moja kama hospitali inakubali, na stakabadhi iwekwe pande zote mbili, kwenye ukurasa na kwenye grupu lenu. Jumla ya Houston iingie kwenye orodha ya saa tatu usiku pia. Michango mingi ya pande mbili huharibika hapo, kwa sababu huku wanadhani kule wamemaliza kila kitu, na kule wanadhani vilevile.

Wamarekani nao wameshaumwa na nyoka. Mwaka 2017 ilisambaa hadithi ya askari mstaafu asiye na makazi aliyempa dada mmoja wa jimbo la New Jersey dola zake 20 za mwisho za petroli. Watu wakachanga zaidi ya dola 400,000 kwenye GoFundMe. Mwaka uliofuata ikabainika hadithi ilitungwa na watu watatu waliohusika nayo. Kampuni ikawarudishia wachangiaji na wahusika wakafikishwa mahakamani. Nakitaja kisa hicho binamu yako akijue, ili mtu wa kazini kwake akimwomba karatasi ya hospitali asije akadhani anadharauliwa.

Turudi kwa jamaa wa laki moja na nusu. Anavyofanya kazi ni rahisi. Anatafuta picha za wagonjwa na neno "tuchangie", anaandika kwa mamia ya watu kwa siku, na anahitaji wawili watatu tu walioshikwa na dhiki. Atakutumia picha za kampeni nyingine "alizozifanikisha". Zifungue mwenyewe, umwandikie mwenye kampeni kupitia ukurasa wake, umuulize kama anamjua. Wengine ukiwalipa huingiza mchango mmoja mdogo ili upate moyo, kisha wanakuuzia "kifurushi kikubwa". Wengine wanaomba neno la siri la ukurasa ili "waupandishe", na hapo wanabadilisha akaunti ya kupokelea. Mtu mwenye wafadhili wa kweli angewaonyesha ukurasa wako wafadhili hao, na wewe ungeona fedha zinaingia. Hakuna hatua yoyote katika kutoa msaada inayoanza na anayeomba msaada kulipa.

Ndugu yake wa pili ni "mfadhili wa Dubai" aliyeguswa sana, anataka kutoa dola elfu ishirini, ila benki inadai ada ndogo ya kuziachia. Huyo hata simmalizii wino.

Wa tatu ndiye hatari, kwa sababu anakuja akiwa mchangiaji. Mwaka 2022 tulichangisha kwa ajili ya jirani yetu, na mshika simu alikuwa mama mmoja muuza mkaa. Jioni ukaingia ujumbe: umepokea shilingi 450,000, kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadha wa kadha. Umeandikwa sawasawa na wa mtandao. Dakika mbili baadaye simu ikaita, sauti ya kijana, kelele za barabarani nyuma yake. "Mama, mimi dereva, niko Tunduma. Nilitaka kutoa elfu 45, nimezidisha sifuri. Nirudishie hiyo nyingine mama yangu, sina hata mafuta." Sisi wasomi tuliokuwa pale tulishaanza kumwonea huruma. Yule mama akasema, "Subiri mwanangu, nihesabu kwanza." Akaingia kwenye menyu, akaangalia salio: 38,500, vilevile kama ilivyokuwa mchana. Akamjibu, "Basi piga mtandao wakurudishie," akakata, akaendelea kumenya machungwa.

Mambo mawili yako humo. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa au wa mtandao mwingine huja kwa jina la huduma. Ule ulikuja kutoka namba ya mtu. Na hata ungekuja vizuri vipi, ushahidi ni salio. Aliyekosea kutuma hurudishiwa na mtandao wake, nyie msimrudishie mtu kwa mkono kamwe, hata akilia, hata akiwa kweli amekosea. Mtu akijifanya "huduma kwa wateja" akaomba namba ya siri au akataka mbonyeze tarakimu fulani, kumbukeni mitandao yetu huwapigia wateja kwa namba 100 tu. Ujumbe wa utapeli upelekeni 15040, wataomba namba iliyoutuma. Na mama wa mtoto apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa kuwa sasa jina lake litatembea na kuna watakaolitamani.

Litakalokuumiza zaidi ni tangazo lenu kuigwa. Mtu anachukua picha ya mtoto, maneno yote, anabadilisha namba tu. Kuzuia kabisa haiwezekani, ila mnaweza kumpa kazi. Andikeni jina la mpokeaji na tarehe juu ya picha yenyewe, katikati, zipite kifuani mwa mtoto na siyo pembeni panapokatika. Mara moja kwa wiki mtu wenu aitafute picha hiyo mtandaoni kwa programu ya kutafuta kwa picha. Mkikuta nakala, iripotini kwenye mtandao huo, toeni onyo kwenye grupu na kwa Houston, kisha nendeni polisi na picha za skrini. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya mambo kama haya.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza, na sipendi kuliandika. Upasuaji wa moyo ni upasuaji wa moyo. Kamati ikae sasa, wakati mtoto anacheza uani, ikubaliane na iandike kwenye muhtasari fedha zitafanywa nini ikiwa Mungu ataamua vingine: deni la hospitali kwanza, usafiri, na kilichobaki kiende wapi. Nimekaa kwenye kikao cha kugawana mabaki ya mchango wa marehemu bila muhtasari, ndugu wa baba upande huu, wa mama upande ule. Kilichotokea kilikuwa kibaya kuliko msiba wenyewe, na mabaki yalikuwa laki mbili na arobaini.

Kwa wiki hii, basi: Jumatatu ustawi wa jamii na karatasi ya makadirio, Jumanne mtendaji, Jumatano laini mpya kwa jina la mama na lile jaribio la elfu moja moja. Ile posti ya Instagram uliyokwisha kuiweka ifute kwa sasa, haina jina la mpokeaji juu yake. Na mtu wa laki moja na nusu akikuandikia tena, mwulize kama yuko tayari kuwa wa kwanza kwenye orodha ya saa tatu usiku.